Lori Limelala, Matairi Yanazeeka: Linda Pesa Uliyoiacha Juani

Wengi wetu huku Marekani, tukishajibana miaka mitatu minne na akiba ikaanza kuonekana, wazo la kwanza ni gari la kazi. Mmoja ananunua lori la boksi la futi 26 ili aachane na zamu za ghala. Wengine wanashirikiana ndugu wawili watatu, wanachukua semi na trela lake. Wengine wananunua matairi makubwa yaliyotumika, wanayarundika nyuma ya nyumba wakisubiri kontena la Dar au Mombasa lijae. Nenda Louisville, nenda Columbus, nenda Buffalo, utakuta picha ni ile ile: lori liko kwenye yadi ya kokoto, majani yameota kati ya magurudumu, na mwenye mali yuko kazini anatafuta hela ya bima.

Ukiuliza gari lake lina hali gani, atakwambia injini iko vizuri, betri ameitoa, milango amefunga kufuli. Matairi hata hayataji. Anaona hayatembei, basi hayaishi. Hapo ndipo hela inapopotea polepole bila mtu kuona, mpaka siku gari linapata kazi na fundi anatazama ubavu wa tairi na kutikisa kichwa.

Leo tuzungumzie hilo. Sitakuuzia dawa wala kifaa. Nataka tu uone tairi kama mimi ninavyoliona kwenye vitabu vya hesabu: ni mali yenye umri, na umri huo unakwenda hata gari likiwa limelala.

Tuanze na hesabu

Bei hizi ni za mfano, weka za kwako. Lori la boksi la kawaida lina matairi 6, mawili mbele na manne nyuma.

- Tairi jipya moja: dola 350
- Kulifunga na kulibalansi: dola 40
- Jumla ya tairi moja: dola 390
- Matairi 6: dola 2,340

Kama kila mwezi unatuma nyumbani dola 200, basi hiyo dola 2,340 ni karibu miezi 12 ya kutuma. Ni mwaka mzima wa ada, dawa za mama na kodi ya nyumba. Na semi yenye trela ina magurudumu 18. Kwa bei hiyo hiyo unazungumzia dola 7,020.

Sasa tuseme matairi yako yangeweza kukuhudumia miaka 6. Gawanya dola 2,340 kwa miezi 72, unapata dola 32.50 kwa mwezi. Lakini ukiyaacha kwenye jua na baridi bila kinga, yakapasuka ubavu mwaka wa 4, umetupa miaka miwili kati ya sita. Hiyo ni theluthi moja, yaani dola 780. Hakuna mwizi aliyeingia yadini. Hakuna ajali. Na usitegemee bima, kwa sababu bima ya gari hailipi kitu kilichochakaa chenyewe.

Kinga yenyewe ni bei gani? Vifuniko vya magurudumu vinne (yale ya nyuma yanayokaa mawili mawili yanafunikwa pamoja) dola 100. Plaiwudi ya kukata vipande vya kuweka chini, dola 40. Kipimo cha upepo chenye shingo ndefu kinachofika tairi la ndani, dola 20. Sabuni na brashi, dola 10. Jumla dola 170, na vitu hivyo utavitumia msimu zaidi ya mmoja. Ukitoa dola 170 ili usipoteze dola 780, hata mama muuza vitumbua atakwambia hiyo ni biashara.

Kwa nini tairi lililosimama linakufa

Watu hudhani tairi linaisha kwa kusuguana na lami tu. Hiyo ni nusu ya habari. Mpira una maadui wengine wanne: jua, joto, ozoni na uzito wa gari lenyewe.

Jua linakausha mpira kwa juu. Rangi nyeusi ya tairi inatokana na masizi maalum wanayochanganya kiwandani, na kazi yake mojawapo ni kuzuia miale ya jua isipenye ndani. Inasaidia, lakini haina nguvu ya milele.

Ozoni ni hewa. Iko kidogo kila mahali, na karibu na ardhi huongezeka siku za jua kali zenye moshi wa magari. Kazi yake ni kukata mpira uliovutika. Angalia ubavu wa tairi lililobeba gari: pale chini umevimba, yaani umevutika. Hapo ndipo nyufa ndogo ndogo zinapoanza, kama nyufa za udongo wa shamba wakati wa kiangazi.

Watengenezaji wanajua hilo, kwa hiyo huchanganya ndani ya mpira nta na dawa za kuzuia ozoni. Lakini nta hiyo hutoka nje pale tairi linapozunguka na kujikunjakunja. Gari likitembea kila siku, tairi linajipaka lenyewe. Gari likisimama miezi sita, nta haitoki, na ubavu unabaki uchi. Ndiyo maana lori lenye kazi kila siku linaweza kuwa na matairi mazuri kuliko lori la jirani lililonunuliwa siku moja nalo na kuachwa.

Adui wa nne ni uzito. Tani kadhaa zikikaa sehemu moja ya tairi kwa miezi, pale chini panapata bapa. Ukiendesha unasikia gari linadunda. Mara nyingine bapa hilo huondoka tairi likipata joto la barabara, mara nyingine linabaki daima, hasa kama upepo ulikuwa mdogo.

Soma cheti cha kuzaliwa cha tairi

Kabla ya kulinda kitu, jua kina umri gani. Kwenye ubavu wa kila tairi linalouzwa Marekani kuna herufi DOT, halafu mfululizo wa herufi na namba. Angalia tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, yaani mwezi Juni. Usipoziona hizo nne upande wa nje, zitakuwa upande wa ndani. Chukua tochi uingie chini.

Umri unahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, si siku uliyonunua. Tairi linaweza kukaa dukani miaka, likang'aa kama jipya, kumbe ni mzee. Michelin, kwa mfano, wanashauri tairi likitimiza miaka 5 ya matumizi fundi alikague kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe liondolewe hata kama linaonekana zima. Na kama unanunua tairi lililovishwa mpira mpya juu, jua kwamba mwili wake una umri mkubwa kuliko huo mpira unaoonekana.

Hii ndiyo njia nzuri ya kupatana bei. Mtu anakuuzia lori la boksi, anasema matairi ni mapya. Usibishane naye. Inama, soma tarakimu nne kwa kila tairi, piga picha. Kama matatu ni ya mwaka 2015, punguza bei ya matairi matatu hapo hapo.

Miji yetu mitatu, hali tofauti

Kuna jambo la kuchekesha kidogo: miji hii mitatu yote ina historia na mpira. Louisville kuna eneo linaitwa Rubbertown, lililopata jina lake wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa viwanda vya mpira wa kutengenezwa kwa kemikali. Kutoka Columbus, mwendo wa saa mbili hivi kaskazini mashariki, uko Akron, ambako kampuni ya Goodyear ilianzishwa mwaka 1898. Na pembeni ya Buffalo, pale Tonawanda, kulikuwa na kiwanda cha matairi ya Dunlop kilichofanya kazi karibu miaka mia moja mpaka kilipofungwa mwishoni mwa 2024. Kwa hiyo tunaishi miongoni mwa watu wanaojua matairi. Tuyajue na sisi.

Louisville shida kubwa ni joto na ozoni. Julai na Agosti jua linawaka, unyevu wa mto Ohio unakaa hewani, na siku nyingine jiji linatangaza tahadhari ya hewa. Sehemu kubwa ya tahadhari hizo za kiangazi ni ozoni hiyo hiyo inayokata mpira. Ukiwa na gari kwenye lami nyeusi bila kivuli, tairi linapikwa juu na chini.

Buffalo shida ni baridi na theluji. Novemba 2022, vitongoji vya kusini mwa jiji vilipata karibu mita mbili za theluji kwa siku chache. Gari lililoachwa chini ya theluji kama hiyo hulifikii kwa wiki kadhaa, na upepo wa matairi unashuka. Shika kanuni hii: tairi la lori lenye psi 100 hupungua karibu psi 2 kila joto likishuka nyuzi 10 za Fahrenheit. Ukilijaza siku ya Septemba yenye nyuzi 80, asubuhi ya Januari yenye nyuzi 10 litakuwa na psi 85 hivi, hata kama halivuji kabisa.

Columbus inapata vyote viwili. Kiangazi joto, kipupwe barafu, na katikati ya hapo siku za kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Tairi likisimama kwenye dimbwi, usiku maji yanaganda na kulishika. Asubuhi mtu anawasha gari na kukanyaga mafuta kwa nguvu ili linasuke, na kipande cha mpira kinabaki kwenye barafu.

Na kuna jambo moja ambalo sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hatulifikirii. Kule nyumbani jua la mchana liko utosini. Huku, mchana jua liko upande wa kusini mwaka mzima. Maana yake lori likisimama sehemu moja, matairi ya upande wa kusini yanachomwa zaidi na yale ya kaskazini yanakaa kivulini. Mwaka ukiisha upande mmoja una nyufa, upande mwingine hauna. Dawa yake ni bure: kila ukilisogeza gari, ligeuze, pua iangalie upande mwingine.

Jinsi ya kulilaza lori

Kama gari litasimama zaidi ya mwezi mmoja, fanya hivi kwa mpangilio huu.

1. Toa mzigo wote. Kuna watu wanafanya lori kuwa stoo, humo ndani kuna friji, magodoro na vigae vya rafiki. Uzito wote huo uko juu ya matairi.

2. Osha matairi kwa maji na sabuni ya kawaida, pande zote mbili, kisha yaache yakauke. Chumvi ya barabarani, grisi na dizeli vitoke. Usipake yale mafuta ya kung'arisha yenye petroli ndani yake. Yanafanya tairi lipendeze siku mbili na yanaondoa ile nta ya kinga.

3. Jaza upepo mpaka kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari. Usizidishe kwa kubahatisha, kwa sababu ringi nayo ina kikomo chake. Hakikisha kila valvu ina kifuniko.

4. Weka kitu kati ya tairi na ardhi. Kipande cha plaiwudi kinatosha, kisiwe kidogo kuliko sehemu inayokanyaga. Kinalizuia tairi lisikae kwenye lami ya moto, mafuta yaliyomwagika au maji yatakayoganda. Ukichagua sehemu ya kuegesha, chukua palipoinuka, maji yasituame.

5. Funika magurudumu. Kifuniko kiwe kizito kisichopitisha mwanga, na rangi nyeupe au ya fedha ni bora kwa sababu inarudisha joto. Huna hela ya vifuniko? Kata turubai, au egemeza plaiwudi iliyopakwa rangi nyeupe mbele ya magurudumu ya upande wa kusini. Nailoni inayoona ndani haisaidii kitu. Na usifunge kabisa pasipitishe hewa, maana unyevu utabaki ndani na ringi itapata kutu.

6. Egesha mbali na mashine za kuchomelea, mota kubwa za umeme na chaja za betri. Vifaa vyenye cheche za umeme hutengeneza ozoni. Kama mwenye yadi anachomelea vyuma pembeni, omba sehemu nyingine.

7. Angalau mara moja kila miezi mitatu, pima upepo na usogeze gari. Hata hatua chache zinatosha kubadilisha sehemu inayobeba uzito. Ukipata nafasi ya kuliendesha maili kadhaa ni vizuri zaidi, ile nta itoke.

Kuna wanaopenda kuinua gari zima juu ya stendi ili matairi yasibebe uzito. Kitaalamu ni sawa, lakini stendi ziwe zimeandikwa uzito zinaobeba, na ardhi iwe ya saruji. Usiinue lori kwa matofali wala magogo, tena kwenye udongo. Tairi linanunulika. Wewe hununuliki.

Kama ni matairi peke yake

Hii ni kwa wanaokusanya ili kutuma nyumbani, au wana matairi ya akiba.

Ndani ni bora kuliko nje, siku zote. Gereji yenye giza, kavu na yenye baridi kidogo ndiyo hoteli ya tairi. Kama lazima yakae nje, yaweke juu ya paleti, yafunike kwa turubai lisilopitisha mwanga, uache upenyo wa hewa pembeni. Yasiyo na ringi yasimamishe wima, uyazungushe kidogo kila mwezi. Yenye ringi unaweza kuyalaza moja juu ya jingine, lakini rundo lisiwe refu, maana tairi moja la lori linafika kilo 50 hivi na rundo likianguka linavunja mguu.

Angalia maji. Mvua ikiingia ndani ya tairi haitoki, na mbu wanapenda sana hayo maji. Mbu aina ya Aedes albopictus aligunduliwa Houston mwaka 1985, na njia aliyoingilia Marekani ni matairi yaliyotumika kutoka Asia. Sisi tunaotoka Dar es Salaam tunakumbuka homa ya dengue ya mwaka 2014 na 2019. Hatutaki kufuga mbu nyuma ya nyumba ya watoto.

Angalia pia sheria. Agosti 1999 huko Sycamore, kaskazini mwa Columbus, rundo la mamilioni ya matairi liliwaka moto, na moshi wake ulionekana mbali. Kentucky, Ohio na New York zote zina sheria za matairi chakavu: mangapi unaweza kukaa nayo, nani anaruhusiwa kuyabeba, yanatupwa wapi. Ukishaanza kuyakusanya kwa wingi, piga simu ofisi ya mazingira ya jimbo lako uulize. Faini moja inakula faida ya kontena zima. Na kabla ya kontena lenyewe, uliza huko linakokwenda: TBS kwa Tanzania, KEBS kwa Kenya, UNBS kwa Uganda, OCC kwa Kongo. Uliza kabla ya kununua, si baada ya meli kuondoka.

Siku ya kuliamsha

Kazi imepatikana, unataka kutoka kesho alfajiri. Tulia kwanza.

Pima upepo kabla gari halijatembea. Tumia kipimo, usipige teke tairi. Yale ya nyuma, la nje linaweza kubeba gari na la ndani likawa limeisha kabisa usione. Kama tairi limeshuka chini ya asilimia 80 ya kiwango chake na gari likaendeshwa hivyo, usilijaze mwenyewe. Waya za ubavuni zinaweza kuwa zimekatika, na likipata upepo linapasuka kwa nguvu ya kuua. Lifunguliwe, fundi alikague kwa ndani, lijazwe ndani ya kizimba chake cha chuma. Hii ni kanuni ya usalama kazini, na imeandikwa kwa sababu watu walikufa.

Halafu angalia ubavu kwa tochi. Nyufa nyembamba kama nywele, muulize fundi. Nyufa ambazo ukucha unaingia, uvimbe, au waya unaoonekana, tairi hilo limekwisha hata kama mifereji yake bado ni mirefu.

Ukaguzi wa barabarani hauna huruma kwenye hili. Kanuni za FMCSA zinasema tairi la lori la biashara lisiwe na waya au kitambaa kinachoonekana, ubavu usiwe umebanduka, na lisivuje kwa sauti inayosikika. Mifereji ya matairi ya mbele iwe na kina kisichopungua 4/32 ya inchi, yaani milimita 3.2, na mengine 2/32. Ukisimamishwa njiani na kuambiwa gari haliendelei, utalipa tairi kwa bei ya barabarani, fundi wa barabarani, na mzigo wa mteja umechelewa. Lile tairi la dola 390 linaweza kukugharimu mara mbili siku hiyo.

Kama gari liko nyumbani na wewe uko huku

Najua wengi wenu mnaosoma hapa hamna lori Marekani. Uko Muscat unalea watoto wa watu, au uko Dubai kwenye jengo, na lori la familia liko Bukavu, Mbeya au Mombasa. Simu inakuja: "Dada, matairi yameisha, tuma dola 1,500."

Usikatae, na usitume hapo hapo. Omba picha tatu kwa kila tairi: tarakimu nne za mwisho za DOT, ubavu kwa karibu, na mifereji ikiwa na sarafu ndani yake. Picha moja ionyeshe na namba ya gari. Tairi la miaka miwili lenye nyufa linakwambia gari linalala juani, na hata ukinunua mapya yatakufa hivyo hivyo. Basi tuma kwanza hela ya kibanda. Kule jua liko juu, kwa hiyo paa la mabati juu ya nguzo nne linafanya kazi kubwa kuliko kifuniko chochote cha pembeni.

Matairi mapya yakishanunuliwa, omba picha za tarakimu tena. Ukituma hela ya matairi mapya ya mwaka huu, tarakimu zisiwe za mwaka 2016. Kufanya hivyo si kumdharau mdogo wako. Hata yeye anamlinda na muuza duka, maana naye huenda ameuziwa la zamani bila kujua.

Bahasha ya matairi

Mwisho, hela yenyewe. Fungua akaunti ndogo pembeni au bahasha, iite matairi. Kwa lori la matairi 6, ile hesabu ya mwanzo ilitupa dola 32.50 kwa mwezi. Weka 40. Ingiza kila mwezi, gari litembee au lilale, kabla ya kutuma nyumbani. Ukifanya hivyo miaka mitano una dola 2,400, na siku matairi yakifika mwisho hutakopa kwa kadi ya benki wala kukatiza ada ya mtoto.

Kama lori ni la biashara na unajaza Schedule C, tunza risiti za matairi, vifuniko na kodi ya yadi, zote ni gharama za biashara. Mpelekee anayekujazia kodi, asizikisie.

Na ujiulize swali gumu. Kodi ya yadi dola 150 kwa mwezi, bima, na dola 32.50 za matairi yanayozeeka. Miezi sita ya kulala ni zaidi ya dola 1,000 kabla ya bima. Kama huoni kazi mbele, labda lori liuzwe sasa, matairi yakiwa bado na bei, kuliko kusubiri kwa sababu watu nyumbani wameshajua kwamba una lori. Heshima hiyo ina gharama, na wewe ndiye unayeilipa kila mwezi.

Jumamosi hii, chukua simu yenye tochi na daftari, nenda yadini. Andika tarakimu nne za kila tairi, upepo wake, na kama lina nyufa. Ni kazi ya nusu saa. Ukishakuwa na ukurasa huo mmoja, utajua una matairi ya miaka mingapi, na ni lini bahasha iwe imejaa.